Mkanda wa Risasi na Zama Zake: Iramba Kati ya Misafara na Vita Kuu

Wako mafundi Marekani ambao mpaka leo hutengeneza nakala za mikanda ya risasi ya karne ya 19: mikanda ya pamba iliyofumwa, yenye vitanzi vya kuchomekea risasi za bastola. Mwalimu wa historia wa Kinampanda, huko Iramba mkoani Singida, anayeutaka mkanda huo kwa maonyesho ya wanafunzi wake hana budi kujiuliza kwanza: unafaa kumvalisha nani, na wa mwaka gani?

Haumfai ruga-ruga, yaani mpiganaji wa Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi. Yeye alibeba gobore, akahitaji pembe ya baruti, fataki na kifuko cha risasi za duara. Vitanzi vya kiunoni vingemsaidia nini?

Wala haumfai askari wa Stanley, yule mpelelezi wa Kizungu. Msafara wake ulitoka Bagamoyo Novemba 1874, na Januari 1875 ukafika Ituru. Huko Edward Pocock, Mwingereza mmoja wa msafara huo, alifariki kwa homa, kisha yakazuka mapigano makali na Wanyaturu huko Vinyata, ndipo msafara ukaingia Iramba. Bunduki yao kuu ilikuwa Snider, iliyopakiwa kwa nyuma, risasi moja moja. Risasi yake ilikuwa nene, karibu milimita 15. Haiingii katika kitanzi cha risasi ya bastola, ambayo hata ile kubwa ni ya milimita 11 hivi. Bastola yenyewe ilikuwa silaha ya wakubwa.

Mkanda wa kufumwa ulizaliwa kwa sababu ya kutu. Risasi za shaba zikikaa ndani ya ngozi, dawa za kutengenezea ngozi huzifanya zitoe kutu ya kijani, zikang'ang'ania mkandani au zikakwama kwenye bunduki. Ofisa wa jeshi la Marekani, Anson Mills, alipata hataza ya mkanda wake wa kwanza mwaka 1867. Baadaye ikapatikana mitambo ya kufuma mkanda na vitanzi vyake kwa pamoja, bila mshono, na kazi hiyo ikafanyika Worcester, Massachusetts.

Wajerumani huku kwetu waliendelea na ngozi. Tangu ofisa wao Wissmann alipounda jeshi lake mwaka 1889, askari walibeba risasi katika vifuko vya ngozi kiunoni, na wengi wao mwaka 1914 walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, ambazo moshi wake ulimfichua mpigaji. Kwa hiyo anayeigiza maisha ya boma la Wajerumani la Mkalama avae ngozi.

Pamba ililetwa na Vita Kuu iliyoanza mwaka 1914. Vifaa vya Kiingereza vya mwaka 1908, kazi ya kampuni ya Mills, vilikuwa na vifuko 10 vya kufumwa, kila kimoja risasi 15, jumla 150. Mapigano yaliigusa Iramba yenyewe: mwaka 1917 kikosi cha Mjerumani Naumann kilifika hadi Mkalama kabla ya kusalimu amri mwaka huohuo. Hata hapo, vilivyofumwa vilikuwa vifuko vya risasi za bunduki, si vitanzi vya bastola.

Anayenunua nakala augeuze mkanda aangalie upande wa ndani. Akiona mistari ya cherehani chini ya vitanzi, ajue vimeshonewa juu. Huo si mkanda wa Mills uliofumwa bila mshono. Apime pia upana wa kitanzi kwa kipande cha mti kilichochongwa, kamwe si kwa risasi halisi, maana kumiliki risasi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Hukumu ni kwamba mkanda wa bastola wa kufumwa ni wa mbuga za Marekani. Ukitundikwa darasani Kinampanda, uandikiwe hivyo, na kando yake kiwekwe kifuko cha ngozi, kwa kuwa hicho ndicho kilichovaliwa Iramba. Na wazee wenye masalia ya zama hizo majumbani wasiyauze kabla hayajapigwa picha na historia yake kuandikwa. Wakikuta risasi ndani, wasiiguse, waite polisi.