Ngazi ya Nyumba na Kituo Chake cha Katikati

Namwomba kila mmoja aliyeketi darasani hapo Suguti awe na kalamu, karatasi na kipimo cha sentimita, maana leo tutasoma historia, na humo ndani tutapiga hesabu kidogo.

Historia yenyewe ni ya ngazi. Najua mtaniuliza, "Bwana Elimu, sisi watu wa ziwani ngazi za nini?" Ni kweli, nyumba za babu zetu za udongo na nyasi zilikaa chini. Ngazi waliyoijua ni ile ya miti miwili na vipandio, ya kuegemeza kwenye ghala la nafaka au kwenye paa linapoezekwa. Ngazi ile mtu huishuka akiwa ameigeuzia uso, na mikono imeshika. Lakini ngazi ya ghorofa mtu huishuka akitazama mbele, amebeba ndoo au mtoto, na pengine ni usiku. Siku hizi kijana akirudi na fedha zake hujenga ghorofa kwao, basi habari hii yatuhusu.

Mimi ilinihusu mapema. Katika mji mmoja nilipanga chumba kwenye nyumba ya ghorofa moja. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kugawa vyumba vyote ndipo akakumbuka ngazi, akaibana kwenye kona iliyosalia: vidato 17 mfululizo, wima kama ukuta, hakuna kishikio. Asubuhi moja mzee mmoja mpangaji alikuwa akishuka na ndoo. Aliteleza kidato cha juu kabisa, na hakukuwa na kitu cha kumzuia mpaka sakafuni. Akavunjika mfupa wa paja. Tulimbeba sisi wapangaji, na tangu siku ile sikupanda ngazi yoyote bila kuhesabu vidato vyake.

Msidhani kwamba ngazi za mawe ni jambo lililoletwa kwetu juzi na wageni. Kule Kilwa Kisiwani, mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga jumba kubwa la mawe ya matumbawe liitwalo Husuni Kubwa, juu ya genge linalotazama bahari, na ngazi za mawe zikashuka kutoka jumbani hadi pwani. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, katika utawala wa sultani huyo. Magofu yake yapo hata leo. Lamu na Unguja nako watu wamekaa katika maghorofa ya mawe kwa karne nyingi. Dari zao zilishikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazikuwa ndefu, vyumba vilikuwa vyembamba, upana wake kama meta 3 tu au chini ya hapo. Nafasi ikawa haba, na ngazi zikabanwa baina ya kuta nene. Aliyepata kupanda ngazi za nyumba za kale za Mji Mkongwe anajua magoti yake yalivyomwambia.

Watu wa zamani walitafuta kanuni ya ngazi iliyo njema. Mrumi mmoja, Vitruvius, aliandika kitabu cha ujenzi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, akashauri ngazi ifuate hesabu ya tatu, nne na tano: ukipanda tatu, uende mbele nne, na mteremko wenyewe utakuwa tano. Kwa macho yetu ngazi hiyo bado ni kali kwa mzee.

Aliyefika karibu zaidi na miguu yetu ni Mfaransa François Blondel, katika kitabu alichoanza kukitoa mwaka 1675. Yeye aliitazama hatua ya mtu. Mtu akitembea uwanjani, hatua yake ni kama inchi 24 za Kifaransa. Blondel akasema kila inchi moja ya kupanda humchosha mtu sawa na inchi mbili za kwenda mbele. Kwa hiyo chukua kimo cha kidato mara mbili, ongeza upana wake, na jumla iwe sawa na hatua moja. Mafundi wa leo hutumia jumla ya kati ya sentimita 60 na 64. Kanuni ya miaka zaidi ya 300 bado inafanya kazi!

Lakini kanuni hiyo haisemi mtu apumzike wapi, wala akianguka akomee wapi. Hapo ndipo penye kazi ya kituo, yaani ile sakafu fupi ya katikati ambayo mafundi wetu huiita landingi.

Sikilizeni yaliyotokea London, Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mtaani Bethnal Green palikuwa na stesheni ya treni za chini ya ardhi ambayo ujenzi wake haujaisha, na watu waliitumia kujificha mabomu. Usiku wa tarehe 3 Machi 1943 king'ora kililia, watu wakaanza kuingia. Mara mizinga mipya ikapiga kwa kishindo karibu na hapo, umati ukasukumana mlangoni. Ngazi ilikuwa na vidato 19 moja kwa moja, taa hafifu, vidato vimelowa, na katikati hapana kishikio. Karibu na chini mwanamke mmoja akajikwaa, wa nyuma wakamwangukia, na walioko nje hawakujua, wakazidi kusukuma. Wakafa watu 173, na 62 kati yao walikuwa watoto. Hakuna bomu lililoanguka pale usiku ule! Viongozi wa mtaa walikwisha kuomba mwaka 1941 ruhusa ya kuuimarisha mlango ule, wakakataliwa. Vishikio vilitiwa baada ya maafa. Mwaka 2017 ukamalizwa ukumbusho wao, nao una umbo la ngazi iliyopinduliwa.

Kituo kilikuwapo, angalieni, lakini chini, baada ya vidato 19.

Sasa shikeni kalamu. Tuseme kutoka sakafu ya chini mpaka ya juu ni sentimita 306. Gawanyeni kwa 17, mtapata vidato 18. Kimo mara mbili ni 34. Toeni kwenye 63, upana wa kidato ni 29. Unyayo unakaa vizuri. Tukiijenga moja kwa moja, twahitaji mapana 17, kwa kuwa kidato cha mwisho ni sakafu ya juu yenyewe. Hiyo ni sentimita 493, karibu meta 5, na hapo ndipo mwenye nyumba hukata tamaa akaisimamisha wima.

Basi tuikate katikati: vidato 9, kituo, halafu ngazi igeuke irudi ilikotoka kwa vidato 9 vingine. Kila nusu ina mapana 8, yaani sentimita 232. Ngazi ikiwa na upana wa meta moja, kituo nacho kisipungue meta moja. Urefu wote ni sentimita 332, ingawa sasa mtahitaji nafasi ya ngazi mbili sambamba. Na anayeteleza juu kabisa, kimo cha anguko lake si 306 tena, ni 153. Kishikio kiwepo pande zote mbili za ngazi hadi kituoni, na dirisha liwe juu ya kituo, si chini ya ngazi.

Vidato vyote 18 viwe sawa sawa. Mguu hukariri vidato vya kwanza, vilivyobaki huvishuka bila kutazama sana.

Kabla ya somo lijalo, kila kundi lipime ngazi moja ya jengo lolote lililo karibu. Andikeni kimo na upana wa kila kidato, na idadi ya vidato kabla ya kituo. Asiyepata ya ghorofa apime vidato vya mlangoni kwake.