Fuvu Jeusi na Ukingo Mwekundu

Mimi ni mtunza maabara wa shule ya sekondari, na kwenye kabati langu umri wa chupa unauona kwa rangi ya lebo. Kongwe zina mraba wa rangi ya chungwa wenye fuvu jeusi, urithi wa sheria ya Ulaya ya 1967. Mpya zina umbo la almasi lenye ukingo mwekundu.

Lebo ina mwenzake, karatasi. Mwaka 1983 Marekani iliwataka wenye viwanda vya kemikali waandike karatasi ya kueleza hatari za kila kemikali, mfanyakazi aisome. Kila kampuni ikaandika ilivyopenda. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ukachapisha mfumo mmoja wa lebo na karatasi: kila karatasi vipengele 16, kwa mpangilio uleule. Mwaka huohuo Tanzania ikatunga sheria ya kemikali za viwandani na majumbani, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kwangu, kipengele cha 4, huduma ya kwanza, ndicho roho ya karatasi. Cha 7, utunzaji, kinafuata. Chukua asidi ya pikriki: ikiwa na maji imetulia, ikikauka ni baruti, hata kuzungusha kifuniko kunaweza kuilipua. Lebo iliyofifia haikuambii hayo.

Walimu wenzangu, faili la karatasi hizi likae mlangoni mwa maabara, si kwenye droo ya mkuu wa shule iliyofungwa kwa ufunguo.