Mtihani wa shabaha: Afanyeje aliyeanguka?

KULENGA shabaha ni stadi isiyokuwa na maelezo marefu. Ama risasi imetoboa pale palipokusudiwa, ama haikutoboa. Katika mtihani wa sheria kuruta anaweza kudai kwamba swali lilikuwa la mtego. Uwanjani, matundu ya karatasi yanahesabika na wenzake wote wanayaona. Ndiyo maana kuanguka mtihani huu huuma kuliko mingine, na ndiyo maana wengi hutafuta njia za kukuficha huko kuanguka.

Kwa wakazi wa Bofu, mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Likoni, Mombasa, jambo hili haliwahusu askari peke yao. Nyumba ziko karibu karibu na paa nyingi ni za mabati. Risasi ya bunduki aina ya G3, ambayo polisi wa Kenya wameitumia kwa miaka mingi, hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 800 kwa sekunde. Bati haliizuii. Mlengaji akimkosa mhalifu, risasi huendelea na safari yake hadi ikutane na kitu kingine, au mtu mwingine.

Isitoshe, Likoni inajua gharama ya silaha iliyo mikononi mwa asiyepimwa na yeyote. Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakawaua maafisa sita na kutoroka na bunduki zaidi ya 40. Machafuko yaliyofuata yaliua watu zaidi ya 100 na kuwafurusha maelfu kutoka makwao. Tume ya Jaji Akilano Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilichunguza mambo hayo, na mjadala tangu hapo umekuwa zaidi wa siasa. Ni haki uwe hivyo.

Hata hivyo, aliyepitia mafunzo rasmi naye huweza kuua asiyemkusudia. Mnamo Machi 30, 2020, siku chache baada ya kafyu ya korona kuanza, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa roshanini kwao mtaani Kiamaiko, Nairobi. Polisi walisema ilikuwa risasi iliyopotea njia.

Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana, Cuba, mwaka 1990, zinataka maafisa wapimwe kwa viwango maalumu vya ustadi, na wabebao bunduki waruhusiwe tu baada ya kukamilisha mafunzo ya silaha hiyo. Nchini Kenya, Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka afisa atangulize njia zisizo za nguvu, na kifo kikitokea, IPOA, mamlaka huru inayochunguza utendakazi wa polisi, iarifiwe. Raia nao hawakusazwa: mwishoni mwa 2018 Serikali iliamuru wenye leseni za bunduki wakaguliwe upya.

Sasa tuingie uwanjani. Jambo la kwanza linalopimwa si shabaha bali usalama. Mkufunzi hutazama mtutu umeelekea wapi na kidole kimekaa wapi. Anayegeuka kuzungumza na mwenzake huku mtutu ukimfuata hutolewa, hata kama jicho lake ni la mwewe.

Halafu ndipo karatasi husomwa. Matundu matano yakikusanyika mahali pamoja, lakini mbali na kitovu, mlengaji yu sawa. Huenda kinachohitaji kurekebishwa ni vilengeo vya bunduki. Yakitawanyika kila upande, tatizo ni la mtu: pumzi, mshiko, au namna anavyovuta kifyatulio.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuuogopa mshindo kabla haujatokea. Kuna njia ya kale ya kulifichua. Mkufunzi huchanganya risasi bandia miongoni mwa zile halisi bila kuruta kujua zilivyopangwa. Ikifika zamu ya ile bandia, bunduki haitoi mshindo, lakini mtutu huinama ghafla. Hapo hakuna mabishano tena. Mkono wenyewe umekwisha kutoa ushahidi.

Bunduki nayo hufeli. Kifyatulio kikivutwa na risasi isilie, kuruta hana budi kuendelea kuuelekeza mtutu kwenye shabaha, angoje angalau sekunde 30 maana baruti huweza kushika moto kwa kuchelewa, kisha amwite mkufunzi. Kuchungulia mtutuni, jambo ambalo wageni wa silaha hutamani kulifanya, ni kucheza na mauti. Mtihani usiomweka kuruta katika hali hii ni nusu ya mtihani.

Wapo wakufunzi waliodhani makelele hunyoosha mkono uliopinda. Sioni vipi. Aliyetishika tayari kwa mshindo wa bunduki hatatulizwa na mshindo wa pili sikioni. Kumwongezea risasi papo hapo pia hakufai: misuli imechoka, na kila risasi mpya humzoesha lile kosa. Hatari zaidi ni kumpitisha kwa huruma, ama kwa sababu askari ni wachache na risasi ni ghali. Matokeo yaandikwe yalivyo, na silaha ya kazi isubiri.

Kuruta mwenyewe aondoke uwanjani na karatasi yake, si na alama tu, kwa kuwa alama haisemi ni nini cha kurekebisha. Achague kosa moja. Akirejea siku nyingine, huanza na bunduki tupu iliyokaguliwa mara mbili, akivuta kifyatulio taratibu hadi mtutu usitikisike. Kisha hupewa risasi chache, mita chache kutoka kwenye shabaha, na umbali huongezwa kadiri matundu yanavyokaribiana.