Tarehe ya Daraja la Ruzizi

Mji wa Goma hauna mto. Mvua inyeshayo juu yake hunywewa na mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo mara igusapo ardhi, na maji tuyatumiayo aghalabu huchotwa ziwani. Kwa hiyo mtoto wa Birere au wa Katindo aweza kukua, akaoa na akaitwa mzee, asivuke daraja la mto hata moja katika mji wake. Walakini liko daraja ambalo lina haki juu yetu, nalo ni la Ruzizi, katika ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, baina ya Bukavu ya Kongo na Cyangugu ya Rwanda, iliyoitwa zamani Shangugu. Na yatupasa sisi wa kaskazini kuijua tarehe yake, kwa sababu mto upitao chini yake ulizaliwa kwa moto wa milima yetu, na mambo yaliyolisibu ndiyo yaliyotusibu na sisi.

Katika dahari za kale, kabla ya safu ya Virunga kuinuka, maji ya bonde hili yalikuwa yakitiririka kwenda kaskazini, yakafika katika ziwa liitwalo Edward, na hatima yake yakaandamana na Nili hadi Misri. Volkano zilipomwaga mawe yake na kuziba njia ile, maji yalisimama, yakapanda baina ya vilima mpaka yakawa ziwa kubwa, na yapata miaka elfu kumi iliyopita yakajipatia mlango upande wa kusini. Mlango huo ndio Ruzizi. Kwa kuwa uso wa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na uso wa Tanganyika mita 770 hivi, mto huu hushuka karibu mita 700 katika masafa yasiyozidi sana kilomita 100, ukipita katika makorongo yenye kishindo kabla ya kutulia katika uwanda wa Uvira. Mnamo Novemba 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda kuchungua kama Ruzizi hutoka katika Tanganyika au huingia, wakauona unaingia, jambo ambalo wenyeji wa pwani ile walilijua tangu hapo.

Kabla ya dola za kigeni kufika, mto na ziwa havikuwatenga watu. Upande wa magharibi walikaa Bashi na watawala wao wa Kabare na Ngweshe, na upande wa mashariki ilikuwa nchi ya Kinyaga, iliyo mbali na baraza la mfalme wa Rwanda kiasi cha kuwa watu wake walijuana zaidi na majirani wa ng'ambo. Walioana, wakahamiana, wakauziana ng'ombe na majembe. Na bangili za nyuzi ziitwazo butega, zilizosukwa na Watembo katika misitu ya magharibi, zilivushwa kwa mitumbwi zikatumika mithili ya fedha katika masoko ya kandokando ya Kivu.

Uhasama wa mpaka uliletwa na ramani zilizochorwa Ulaya na watu wasioujua mto wenyewe. Mwaka 1899 Mjerumani Richard Kandt alijenga makazi yake karibu na Shangugu, ilhali askari wa Dola Huru ya Kongo walidai kuwa nchi ile ni yao. Na mwaka huo huo maofisa wawili, Bethe wa Ujerumani na Hecq wa Kongo, walipatana kwamba kila mmoja akae alipo mpaka wakubwa wao waamue. Wakubwa hao hawakuamua hadi mwaka 1910, walipokutana Brussels Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza: Ruzizi ukafanywa mpaka, kisiwa cha Idjwi kikapewa Wabelgiji, na huku kaskazini mstari ukapitishwa baina ya Goma na Gisenyi. Basi kalamu iliyokata Bukavu na Shangugu ndiyo iliyotukata na sisi na jirani zetu.

Mpaka huo haukutimiza hata miaka sita pasipo vita. Mnamo Aprili 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliyoongozwa na Jenerali Tombeur yalianza kuvuka kuingia Rwanda, kikosi cha Kanali Olsen kikipitia upande wa Ruzizi, na tarehe 19 Septemba yakaingia Tabora. Nyuma ya kila askari walikuwako wapagazi, wana wa nchi hizi hizi, waliovushwa mto na mizigo ya vita isiyokuwa yao, na wengi wao hawakurejea.

Baada ya hapo kingo zote mbili zilikuwa chini ya bendera moja. Bukavu ikaitwa Costermansville, ikawa makao ya jimbo la Kivu. Na daraja la mto, jembamba na lenye sakafu ya mbao, likawa njia ya ndani ya himaya, ipitwayo na makarani, wamisionari, wakulima na mifugo. Lakini Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na Rwanda tarehe 1 Julai 1962, mpaka uliokuwa umelala ukaamka. Hata kabla Rwanda haijawa huru, tarehe 1 Januari 1961, askari wa Mobutu walipitishwa upande wa Shangugu kwenda kuwanyang'anya Bukavu wafuasi wa mpinzani wake Gizenga, wakashindwa. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliishika Bukavu kwa muda wa karibu miezi mitatu, na mwanzoni mwa Novemba wakaukimbia mji kwa kuvuka Ruzizi, wakanyang'anywa silaha ng'ambo ya pili.

Zikafuata zama za amani. Tarehe 20 Septemba 1976 Zaire (ndiyo Kongo ya siku zile), Rwanda na Burundi zilitia saini huko Gisenyi mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, iliyoweka makao yake Gisenyi na benki yake hapa Goma. Mto nao ukawa shirika: bwawa la kwanza lilikuwa limejengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950, kilomita chache chini ya ziwa, na mwaka 1989 mitambo ya Ruzizi ya pili, mali ya dola zote tatu, ikaanza kuzaa umeme. Kwa miaka mingi taa za Goma zilitegemea nyaya zilizotoka huko. Na kila usiku tuliosoma, tulioshona au tuliozalisha wanawake kwa nuru ile, tulikuwa wadeni wa Ruzizi.

Mwaka 1994 ni mzito kusimuliwa. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, umati wa watu kutoka Rwanda ulimiminika Goma mwezi wa Julai, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu juu ya mawe yasiyochimbika kaburi. Huko kusini askari wa Ufaransa walikuwa wamevuka kutoka Bukavu kuingia Cyangugu mwezi wa Juni, na walipoondoka mwezi wa Agosti, makundi mengine ya wakimbizi yalisongamana darajani wakitaka kuingia Zaire, hata mpaka ukafungwa mbele yao. Miaka miwili baadaye vita vikapita tena, Bukavu ikaanguka mwishoni mwa Oktoba 1996 na Goma mwanzoni mwa Novemba. Na mwaka 2025 miji hiyo miwili ikaingia mikononi mwa waasi wa M23, Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari.

Anayesoma habari hizi peke yake atadhani kwamba daraja la Ruzizi ni la majeshi, nayo ni dhana ya upotovu. Majeshi yalivuka siku chache katika karne nzima. Siku zilizosalia zote daraja lilikuwa la wanawake wenye beseni na vikapu, waendao alfajiri na kurudi kabla mpaka haujafungwa, wakileta nyanya, mboga na nyama kwa soko la Kadutu mjini Bukavu, na kurudisha vitenge na sabuni Kamembe, upande wa Rwanda. Hao ndio walioendeleza ada ya zama za butega. Kadhalika ndivyo ilivyo hapa kwetu kwenye Mpaka Mdogo, baina ya Goma na Gisenyi, ambako maelfu hupita kwa miguu kila siku ya amani, na ambako mwaka 2002, volkano ilipoingia mjini tarehe 17 Januari, watu laki kadhaa wa Goma walipata kimbilio Gisenyi.

Kwa hiyo neno langu ni hili: daraja haligawanyiki. Nusu yake iliyo Kongo haimfikishi mtu popote, wala nusu iliyo Rwanda. Na dola itakayo kulimiliki peke yake imekwisha kulivunja ingawa mbao zake zingali mahali pake. Watawala waliolifanya kufuli wamepita mmoja baada ya mmoja, na kila alipopita mmoja, wenye vikapu walirudi wakaanza upya, wengine wakiwa wamepoteza mtaji na wengine wakiwa wamepoteza watoto. Haki yao ni kuvuka pasipo kupigwa, pasipo kunyang'anywa na pasipo kutozwa mara mbili. Na watoto wetu wafundishwe tarehe hii katika shule za Goma na za Bukavu, ili atakayepewa amri ya kulinda mpaka ajue kwamba amekabidhiwa amana ya watu wa kingo mbili.