Darasa la Renesansi kwa Umma: Hoja kutoka Lindi, Kibera

Vituo vya taaluma ya Renesansi huhudumia makundi mawili kwa njia mbili tofauti. Katika kituo cha Maktaba ya Newberry, Chicago, kilichoanzishwa mwaka 1979, wanafunzi wa vyuo vikuu hufunzwa kusoma hati za kale, huku umma ukialikwa zaidi kwenye mihadhara na usomaji wa tamthilia za Shakespeare. Mtaalamu hupewa hati, raia hupewa hadithi. Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo hauna msingi wa kielimu, na kwamba Lindi, mojawapo ya vijiji vya Kibera, Nairobi, panafaa kuupima.

Kwamba Renesansi ilifika Afrika Mashariki si suala la kubishaniwa. Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilichorwa na Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na umbo lake linafuata uwiano wa mwili wa binadamu. Ubishi uko kwingine: mkazi wa mtaa wa mabanda ana haja gani na darasa la Renesansi? Wanaolipinga huegemea waraka wa 1968, ambamo Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe katika chuo kikuu cha Nairobi. Usomaji huo ni wa harakaharaka. Waraka haukuifukuza fasihi ya Ulaya. Ulitaka Afrika iwe kitovu na mengine yatazamwe kutoka hapo. Swali basi ni darasa lianzie wapi, wala si kama liwepo.

Lindi inatoa jibu. Ni miongoni mwa makazi ya zamani ya Wanubi, wazao wa askari kutoka Sudan waliotumikia jeshi la kikoloni na kupewa makazi Kibera mwanzoni mwa karne ya 20. Wanubi ni Waislamu, na watoto wanaopitia madrasa huzifahamu herufi za Kiarabu na irabu zake tangu udogoni. Kwa upande mwingine, hifadhi ya nyaraka ya Goa, India, ina barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi hizo kati ya 1711 na 1728, wakati watu wa pwani walipokuwa wakiandikiana na Wareno. Katika maandishi ya aina hii, kwa desturi ya zamani, herufi *ba* iliweza kusimama badala ya b, p au mb, na alama moja ya irabu, kasra, ikatumika kwa i na e. Kwa hiyo *ba* mbili zenye kasra zaweza kusomwa "bibi" au "pembe", na ni muktadha tu unaoamua kama mwandishi anamtaja mwanamke au meno ya tembo. Anayejua herufi bila lugha atakwama. Anayejua lugha bila herufi hataanza. Kijana wa Lindi aliyehitimu madrasa na anayezungumza Kiswahili kutwa ana vyote viwili, ujuzi ambao mgeni huugharimia miaka ya masomo.

Yapo mapingamizi. La kwanza ni kwamba madrasa hufunza kisomo cha Kurani, si uchambuzi wa hati. Ni kweli, na ndiyo maana mwalimu anahitajika. La pili ni kwamba barua za karne ya 18 ziliandikwa baada ya Renesansi kwisha. Lakini kalenda ya Renesansi ya Firenze, Italia, isitumike kupimia pwani. Mkutano na Wareno ulioanza Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498 ndio uliomzaa Yusuf bin Hassan, aliyelelewa Goa kama Mkristo kisha akaiteka Ngome ya Yesu mwaka 1631, na barua hizo ni mwendelezo wake. La tatu, kwamba wakazi wanataka ufundi na ajira, linasahau kwamba kusoma hati nako ni ufundi.

Huenda Lindi isifae kuwa kielelezo cha kila mtaa; vijiji vingi vya Kibera havina historia ya Wanubi. Hata hivyo, inatosha kuonyesha kwamba programu za umma zinaweza kuanza na nakala za hati mezani, kwa Kiswahili, halafu Cairati na Shakespeare wakafuata. Kituo kitakachopanga masomo yake kwa utaratibu huo kitapata wanafunzi na pia wasomaji wa hati ambao taaluma yenyewe inawahitaji.