Sotoka Haikuzaliwa Porini

Sotoka, ugonjwa wa kuambukiza wa ng'ombe, ilishuka bandari ya Massawa mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli kulisha jeshi la Waitalia lililokuwa likiivamia Eritrea. Virusi vyake ni ndugu wa virusi vya surua. Ng'ombe alipandwa na homa, akatokwa machozi na makamasi, kinywa kikachubuka, kisha akaharisha mpaka akaanguka. Mara nyingi wiki mbili hazikuisha. Ethiopia ilipoteza karibu ng'ombe wake wote. Kufikia 1891 ugonjwa ulikuwa Umasaini, na mwaka 1896 ukavuka mto Zambezi.

Wamasai wanaikumbuka miaka hiyo kwa jina la Emutai. Nilipokuwa bwana mifugo upande wa Ngorongoro, wazee walinisimulia walivyosimuliwa na babu zao: boma zima limenyamaza, hakuna ng'ombe wa kukamua, watu wanachemsha ngozi. Oscar Baumann, Mwaustria aliyefika kreta ya huko mwaka 1892, aliikuta njaa hiyo kwa macho yake.

Nyati, pofu, tandala, twiga na nyumbu nao waliteketea. Malisho yaliyokosa wa kuyala yakageuka vichaka, vichaka vikawa makazi ya mbung'o, na mbung'o wakaeneza malale. Wakoloni walipochora ramani zao waliikuta nchi haina watu wala mifugo, wakadhani ndivyo ilivyoumbwa. Inaniuma hadi leo, maana nchi ile ilikuwa imefiwa.

Kisha lawama zikawageukia wanyamapori, kwamba wao ndio ghala la sotoka. Kweli, Serengeti ndama wa nyumbu walikuwa wakifa kila mwaka, pale kinga waliyoinyonya kwa mama zao ilipokwisha. Jibu lilitoka Muguga, Kenya. Huko Walter Plowright na wenzake walivikuza virusi katika seli za figo za ndama, kizazi baada ya kizazi, mpaka vikapoteza ukali, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 chanjo ilikuwa tayari. Walichanjwa ng'ombe wa kandokando ya hifadhi. Hakuna nyumbu hata mmoja aliyechomwa sindano, na bado sotoka ikawatoka. Mwaka 1961 walikuwa kama 250,000. Miaka ya 1970 ilipokaribia kwisha walikuwa wamepita milioni moja. Nyasi zikaliwa, moto wa kiangazi ukapungua, miche ya migunga ikapata nafasi ya kukua.

Ugonjwa uliporudi kaskazini mwa Tanzania mwaka 1997, nilikuwa kwenye kibanio cha kuchanjia ng'ombe tangu alfajiri. Chanjo ile ikishachanganywa haingoji. Barafu ikiyeyuka kabla kundi halijaisha, unachowachoma ng'ombe ni maji matupu. Wafugaji walilijua hilo. Vijana waliswaga mifugo usiku kucha ili jua lisitukute na kazi.

Wagonjwa wa mwisho kuthibitishwa duniani walikuwa nyati wa hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Miaka kumi baadaye, 2011, dunia ikatangazwa kuwa haina tena sotoka.

Lakini tayari mwaka 2008 ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, alikuwa amethibitishwa kaskazini mwa Tanzania. Chanjo yake ipo. Mbuzi wanapelekwa minadani kila wiki, wengi wao hawajachanjwa, na njiani wanakula malisho pamoja na swala.