Salamanda Mkubwa: Mnyama Tuliyemkosea Jina Miaka 300

Wasee, kuna mnyama ambaye binadamu amekuwa akimkosea jina kwa karibu miaka 300, na hilo kosa limechangia kummaliza. Kaa hapo nikupe stori.

Anaitwa salamanda mkubwa. Kwetu Kenya hayuko, so mchore kichwani: umbo la mjusi, ngozi laini yenye mikunjo, vijicho vidogo kama shanga, na urefu unaoweza kufika mita 1.8. Yaani huenda anakushinda. Ni amfibia kama chura, anaishi kwenye mito baridi ya milimani na anapumua kupitia ngozi.

Mwaka 1726, daktari wa Uswisi aitwaye Johann Jakob Scheuchzer alitangaza mifupa iliyopatikana ndani ya jiwe. Akasema huyu ni binadamu, mwenye dhambi aliyezama kwenye Gharika ya Nuhu. Watu wakaamini. Ilikuja kuwa 1811 ndipo Georges Cuvier, mtaalamu Mfaransa, akachokoa jiwe lenyewe kule Haarlem, Uholanzi. Miguu ya mbele ikatokea. Kumbe "mwenye dhambi" alikuwa salamanda!

Hiyo unaweza kuicheka. Inayofuata, hapana.

Miaka ya 1920, salamanda mmoja kutoka Uchina aliishi kwenye bustani ya wanyama ya London. Mwaka 1924, Edward George Boulenger akasema huyu ni spishi tofauti, akampa jina lake. Wenzake hawakumskiza. Kwa miaka mingi salamanda wakubwa wote wa Uchina wakahesabiwa kuwa kitu kimoja.

Sasa ona hasara yake. Nyama ya salamanda ikawa chakula cha matajiri, wakavuliwa mtoni hadi wakaadimika. Mashamba ya kuwafuga yakafunguliwa, wanyama wa mto huu wakachanganywa na wa mto ule. Halafu wengine wakarudishwa mitoni, eti ndio uhifadhi. Kama wote ni wamoja, shida iko wapi?

Jibu lilikuja 2018. Watafiti walitembea kaunti 97 za Uchina, miaka minne, wakapata salamanda 24 tu, kwenye sehemu nne. Na kulikuwa na dalili kwamba huenda hata hao walitoka mashambani. Mwaka huohuo vipimo vya DNA vikaonyesha kwamba "spishi moja" ni angalau tano, zilizotengana mamilioni ya miaka iliyopita. Mwaka 2019, DNA ya yule wa London ikatoa hukumu: Boulenger alikuwa sahihi. Karibu miaka 95 imepita bila mtu kumskiza!

Mimi niliacha chuo, najua vile inahisi watu wakikuweka kwenye kapu moja na wengine bila kuuliza wewe ni nani. Lakini mimi naweza kujitetea. Salamanda hawezi.

Ndio maana nikiskia "tumerudisha wanyama elfu kadhaa porini," sipigi makofi haraka. Nauliza: ni wale wa pale kweli? Mtu akipoteza ng'ombe wa babako halafu akuletee mbuzi kumi, idadi imepanda, lakini ng'ombe bado hayuko.

Haijaisha lakini. Mwaka 2022 spishi nyingine ilitambuliwa mkoani Jiangxi, na bado inazaana yenyewe kwenye mto ndani ya hifadhi. Hao hawahitaji kuchanganywa na yeyote. Wanahitaji mto wao uachwe safi na wavuvi wakae mbali.

Basi kabla ya kumwokoa mtu, ama mnyama, mjue kwanza. Mimi ndo hivyo naona. Wewe je?